Ayurveda, Sauti na Kumeza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa namna mbili: wenye sauti iliyokauka wanaotafuta nafuu, na wanaomuuguza mtu anayepaliwa kila anapokunywa. Majibu ya kundi la kwanza hayawafai kundi la pili, na mengine yanaweza kuwadhuru. Ukiwa unamuuguza mtu anayepaliwa, soma kwanza swali la 4 na la 13.

## Mambo ya msingi

1. Ayurveda inaelezaje sauti na kumeza?

Ayurveda, tiba ya kale ya India, huutazama mwili kwa nguvu tatu ziitwazo dosha: vata ya mwendo, pitta ya joto na uyeyushaji, na kapha ya unyevu na uzito. Sauti na kumeza vyote viko chini ya vata, ila kila kimoja kina tawi lake. Prana, ambayo makao yake ni kichwani na hupita kooni na kifuani, ndiyo inayoingiza chakula, na pia husimamia kupumua, kupiga chafya na kutema mate. Udana, ambayo makao yake ni kifuani, ndiyo inayotoa maneno.

Ndiyo maana vaidya, yaani tabibu wa ayurveda, akisikia sauti inakwaruza hufikiria udana kwanza, na akisikia mgonjwa anapaliwa hufikiria prana. Kisha huuliza ni dosha ipi imeingilia. Koo kavu na sauti inayokatikakatika humpeleka kwenye vata. Koo linalowaka humpeleka kwenye pitta. Sauti nzito yenye kohozi, iliyo mbaya zaidi asubuhi, humpeleka kwenye kapha.

2. Vitabu vya kale vinataja magonjwa gani hasa?

Kwa upande wa sauti, maelezo ni mengi. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha tabibu Sushruta, ina sura nzima kuhusu swarabheda, kuharibika kwa sauti, na inataja aina sita: ya vata, ya pitta, ya kapha, ya dosha zote tatu kwa pamoja, ya mwili kudhoofika, na ya mafuta kuzidi mwilini. Miongoni mwa visababishi inataja kusema kwa sauti kubwa mno, kusoma kwa kupaza sauti, sumu na kuumia. Mwalimu wa leo mwenye darasa lililojaa angejiona humo mara moja.

Charaka, tabibu mwingine wa kale, naye anaorodhesha mimea 10 inayolifaa koo, ukiwemo mzizi wa yashtimadhu (tazama swali la 7), pilipili ndefu, zabibu na mzizi wa muwa.

Kumeza hakuna sura yake. Shida hiyo hutajwa ndani ya magonjwa ya koo, na pia katika hali iitwayo jihvastambha, ambapo ulimi hukakamaa na mgonjwa akashindwa kula, kunywa na kusema. Anayemjua mtu aliyepatwa na kiharusi ataitambua picha hiyo.

3. Je, maelezo hayo yanalingana na ya hospitalini?

Kwa dalili, yanakaribiana. Kwa namna mwili unavyofanya kazi, hapana. Hospitalini sauti hutokana na nyuzi mbili ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni, ambazo hutikiswa na pumzi, mara 100 hivi kwa sekunde kwa mwanamume na karibu mara 200 kwa mwanamke. Zikivimba, zikiota kinundu, au moja ikipooza, sauti hubadilika.

Wakati wa kumeza, pumzi husimama kidogo, zoloto hupanda, kidakatonge hufunika mlango wa njia ya hewa, na tonge huteremka kwenye umio. Weka kidole juu ya kongomeo na umeze mate: utalihisi likiruka juu kisha likirudi. Mruko huo ukichelewa au ukiwa dhaifu, kitu huingia njia ya hewa. Hakuna mapigo ya mkono wala rangi ya ulimi inayoweza kumwonyesha tabibu yeyote hali ya nyuzi za sauti. Lazima zitazamwe kwa kamera au kioo.

4. Ni wakati gani sipaswi kuanza na ayurveda kabisa?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na shida ya kupumua, mlio kama filimbi unapovuta pumzi, kushindwa kumeza hata mate, au udenda unaotiririka pamoja na homa. Fanya hivyo pia ikiwa sauti au kumeza kumebadilika ghafla pamoja na uso kupinda au mkono kulegea, kwa kuwa hicho kinaweza kuwa kiharusi na kila dakika ina maana.

Panga kupimwa haraka, bila kungoja dawa yoyote ijaribiwe, ukiona mojawapo ya haya:

- tonge linakwama, na hali inazidi kuwa mbaya wiki hadi wiki;
- unapungua uzito bila kukusudia;
- unatema au kutapika damu;
- kuna uvimbe shingoni;
- sauti imekauka na unavuta sigara, au umewahi kuvuta kwa miaka;
- sauti imebadilika baada ya upasuaji wa shingo au kifua, au baada ya kuwekewa mrija wa kupumulia;
- maumivu ya koo yanapanda hadi sikio moja na hayaishi.

Sushruta mwenyewe aliandika kwamba sauti iliyoharibika kwa muda mrefu, au kwa mtu aliyekonda, aliyedhoofika au mzee, haiponi. Hakuwa na kamera, lakini alikuwa ameona kinachowapata watu hao.

## Sauti

5. Sauti imekauka tangu juzi baada ya mafua au kupiga kelele. Nifanye nini?

Hapa ndipo ayurveda inapofaa zaidi, kwa sababu uvimbe wa namna hii kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na kazi yako ni kuupa nafasi. Punguza kusema. Kunywa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo siku nzima. Epuka moshi, pombe na vyakula vinavyokuletea kiungulia.

Juu ya hayo unaweza kuongeza chai nyepesi ya tangawizi au yashtimadhu (masharti yake yako swali la 7), na kusukutua (swali la 8). Kwa sauti iliyoumizwa na kelele, Sushruta anaagiza maziwa yaliyochemshwa na mimea mitamu, yakatiwa sukari na asali. Kwa sauti kavu ya vata, anaagiza samli baada ya chakula. Havijathibitishwa kwa majaribio makubwa, lakini kwa mtu mwenye afya anayemeza vizuri ni matunzo mapole. Mwenye kisukari aiache hiyo sukari na asali, na mwenye kiungulia asile samli usiku.

6. Ningoje hadi lini?

Wiki nne. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2018 unasema sauti iliyokauka isipopona ndani ya wiki nne, zoloto litazamwe; na kukiwa na dalili ya hatari, litazamwe mapema bila kungoja.

Saratani ya nyuzi za sauti ina jambo moja la kushukuriwa: huharibu sauti mapema, ikiwa bado ndogo na inatibika vizuri. Mtu akikaa miezi sita akibadilisha vidonge vya kumumunya, anaipoteza nafasi hiyo. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa puani, unaambiwa useme "iii", na daktari anaona nyuzi zikifunguka na kufunga. Hukera, lakini kwa kawaida hakiumi.

7. Yashtimadhu inafanya kazi kweli?

Huu ni mzizi wenye utamu mkali, wa mmea ujulikanao kwa Kilatini kama Glycyrrhiza glabra, na katika mimea yote ya koo ndio wenye ushahidi ninaouheshimu zaidi. Mwaka 2013 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 236 waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji na kuwekewa mrija mnene wa kupumulia. Waliosukutua maji ya mzizi huu kabla ya usingizi wa dawa walipata maumivu ya koo kwa kiwango cha takriban nusu ya waliosukutua maji ya sukari.

Jaribio hilo lilihusu koo lililokwaruzwa na mrija. Halisemi kwamba mzizi huu huondoa vinundu wala kwamba huamsha uzi uliopooza.

Tatizo lake ni glisirizini, kemikali iliyo ndani yake. Ikitumiwa kwa wingi kwa siku nyingi hupandisha shinikizo la damu, hujaza maji mwilini na kushusha potasiamu hadi moyo kupiga vibaya. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wameshauri isizidi miligramu 100 kwa siku. Kusukutua na kutema ni salama kuliko kunywa. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, anayetumia dawa za kukojoza maji au digoksini (dawa ya moyo), na mjamzito, asiinywe.

8. Gandusha na kavala zina tofauti gani?

Gandusha ni kujaza kinywa kimiminika, mara nyingi mafuta ya ufuta, hadi kisiweze kuchezeshwa, ukakishikilia kimya mpaka macho na pua vianze kutoa maji, kisha ukatema. Kavala ni kuweka kiasi kidogo na kukizungusha. Zote mbili hufanywa ukiwa umekaa wima.

Kwa kusukutua koo, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo au maji ya yashtimadhu yanatosha. Kusukutua hakufiki kwenye nyuzi za sauti, kukifika, utapaliwa. Nafuu unayoipata ni ya koo la juu na ya kinywa kilichokauka, nayo si haba. Kwa anayepaliwa, vyote viwili ni marufuku: tazama swali la 13.

9. Asali, tangawizi, manjano, pilipili manga: nichanganye vyote?

Hapana haja. Asali hulainisha koo na hutuliza kikohozi cha mafua. Ayurveda husema isipashwe moto, kwa hiyo ikoroge kwenye kinywaji kilichopoa hadi uvuguvugu. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu.

Tangawizi na pilipili hufaa sauti ya kapha, ile yenye kohozi zito. Mtu mwenye koo linalowaka au kiungulia akizitumia huongeza moto, na hilo hata vaidya atakwambia. Manjano kwenye chakula hayana neno. Vidonge vya manjano yaliyokolezwa ni habari nyingine, kwani vimewaumiza ini baadhi ya watumiaji.

10. Nanong'ona ili kuipumzisha sauti. Ni sawa?

Acha. Watu wengi wakinong'ona hukaza zoloto. Kaa kimya, au sema kwa sauti yako ya kawaida ya chini, sentensi fupi, kwa mtu aliye karibu.

11. Mimi ni mwalimu (au mwimbaji) na nimeambiwa nina vinundu. Mimea itaviyeyusha?

Sijui mmea unaofanya hivyo. Vinundu ni kama sugu za mkono: vinatokana na msuguano, na msuguano ukibaki vitarudi hata vikikatwa. Tiba ya kwanza ni mtaalamu wa tiba ya sauti na usemi, anayekufundisha kutumia pumzi, kupaza bila kukaza shingo, na kupunguza mzigo wa siku. Wengi hupona bila kisu.

Ayurveda ina nafasi pembeni ya hilo, na katika mafundisho yake naipenda hasa dinacharya, utaratibu wa siku: kulala mapema, kula kwa saa zilezile, kunywa kitu cha uvuguvugu, kufanya pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, ya taratibu. Pumzi ndefu na tulivu ni jambo ambalo mtaalamu wa sauti naye angekufundisha. Ile pranayama ya kupuliza kwa nguvu na kwa kasi iache wakati sauti imeumia.

12. Sauti yangu ni nzito asubuhi na nasafisha koo siku nzima. Ni kohozi?

Inaweza kuwa tindikali ya tumbo inayopanda hadi kooni, wakati mwingine bila kiungulia. Ayurveda huiweka karibu na amlapitta, uchachu uliozidi. Katika hili tabibu wa pande zote mbili hukubaliana: kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, punguza vya kukaanga na pilipili, punguza uzito ukizidi, inua kichwa cha kitanda.

Na punguza kukohoa-kohoa kusafisha koo. Kila mara nyuzi hugongana kwa nguvu, hutoa ute wa kujilinda, nawe unahisi haja ya kusafisha tena. Meza funda la maji badala yake.

## Kumeza

13. Mama alipata kiharusi na sasa anapaliwa. Tumeshauriwa mafuta puani na kusukutua mafuta. Tujaribu?

Tafadhali, msijaribu.

Mafuta yanayoingia njia ya hewa hayamwashi mtu kama maji. Maji huamsha kikohozi. Mafuta huteleza kimya hadi mapafuni, mapafu hayana namna ya kuyayeyusha, na hukaa humo yakileta nimonia ya mafuta. Hali hiyo imeripotiwa kwa watu waliosukutua mafuta na kwa waliozoea kutia mafuta puani. Kwa mtu ambaye kumeza kwake kumelegea, hatari ni kubwa zaidi. Samli puani ni vilevile. Vidonge vya kumumunya navyo vinaweza kuteleza na kuziba.

Kuna jambo wauguzaji wengi hawaambiwi: si kila anayepaliwa hukohoa. Baada ya kiharusi, hisia za koo zinaweza kufa ganzi, na kinywaji kikaingia mapafuni bila mgonjwa kushtuka. Mpe funda moja, kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua, kuna kitu kimebaki juu ya nyuzi. Simamisha kumlisha na uwaambie wahudumu wake. Sauti safi haimaanishi kuwa yuko salama, kwa hiyo jambo hili haliondoi haja ya kipimo. Homa za mara kwa mara na kukohoa usiku ni dalili nyingine.

Anachohitaji ni kupimwa kumeza na mtaalamu wa usemi na kumeza, ikiwezekana kwa picha za eksirei akimeza bariamu au kwa kamera ya puani. Hapo mtaambiwa unene gani wa kinywaji unamfaa, akae vipi, ainamishe kidevu au asiinamishe. Kidevu kushushwa huwasaidia baadhi na kuwadhuru wengine, kwa hiyo usinakili kwa mgonjwa wa jirani.

Na msafisheni kinywa kila siku kwa mswaki. Mate yenye bakteria wengi yakiingia mapafuni huleta nimonia hata kwa mtu asiyelishwa kwa mdomo.

14. Basi ayurveda haina cha kumpa mgonjwa wa kumeza?

Inacho, kwenye namna ya kula. Charaka anaagiza mtu ale bila kusema wala kucheka, akili yake yote ikiwa kwenye chakula, asiharakishe wala asichelewe mno. Wauguzi wa wagonjwa wa kiharusi wanasema hayo hayo: zima televisheni, usimuulize swali akiwa na tonge kinywani, ngoja ameze ndipo umpe jingine. Mwekee kiti aketi wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula.

Kumkanda mgonjwa mwili kwa mafuta ya uvuguvugu, yaani abhyanga, humfariji na hakuna ubaya ikiwa ngozi ni nzima. Kusirudishe nyuma mazoezi ya kumeza, ambayo ndiyo yanayorudisha nguvu.

15. Vaidya ameagiza manda, peya na vilepi. Je, ni sawa na vyakula vilainishwavyo hospitalini?

Wazo linafanana, vipimo havifanani. Manda ni maji ya wali bila punje, peya ni uji mwepesi wenye punje chache, vilepi ni uji mzito. Ngazi hizo ziliwekwa kwa ajili ya tumbo linalojifunza kuyeyusha upya, hasa baada ya tiba za kusafisha mwili.

Hospitali nyingi hutumia kipimo cha kimataifa chenye ngazi 0 hadi 7, kilichowekwa kwa ajili ya koo. Kwa kipimo hicho manda inaweza kuwa nyepesi mno kwa anayepaliwa. Peya ina shida zaidi: maji hukimbia mbele wakati punje zimebaki kinywani, na vitu viwili vyenye mwendo tofauti kwa pamoja ni vigumu mno kumeza. Vilepi iliyosagwa laini, isiyo na madonge, mara nyingi ndiyo inayoweza kurekebishwa. Mpelekee mtaalamu wa kumeza sahani yenyewe aione.

16. Nahisi donge kooni lakini nakula vizuri. Ni nini?

Kama chakula kinapita bila shida, na donge hulihisi zaidi ukimeza mate kuliko ukila, mara nyingi si uvimbe. Huambatana na tindikali inayopanda, misuli ya koo iliyokaza, au mawazo mengi. Pumzi ya taratibu, kinywaji cha uvuguvugu na ushauri wa swali la 12 husaidia wengi. Likiwa upande mmoja tu, likiuma, au chakula kikianza kukwama, rudi swali la 4.

17. Tonge linakwama kifuani, si kooni. Triphala itafungua?

Triphala, unga wa matunda matatu yaliyokaushwa, haitafungua. Kukwama kifuani huashiria umio: umebanwa na kovu la tindikali, una mzio, mlango wake wa chini haufunguki, au kuna saratani. Vikavu vikianza kukwama na baadaye hata vimiminika, fikiria njia inayozidi kubana. Vikavu na vimiminika vikikwama tangu mwanzo, fikiria misuli. Vyote vinahitaji kamera ya umio. Mlango wa chini uliokataa kufunguka hutibiwa kwa kupanuliwa au kwa kukata misuli yake, na matokeo yake kwa kawaida ni mazuri. Unga wowote mkavu, triphala ikiwemo, unaweza kuvimba na kuganda mahali palipobana.

## Usalama wa dawa

18. Ni kweli dawa za ayurveda zina risasi na zebaki?

Baadhi zinazo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa bidhaa 70 zilizouzwa madukani eneo la Boston, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha uchunguzi wa bidhaa 193 zilizouzwa kwa intaneti, zilizotengenezwa India na Marekani, na karibu moja kati ya tano ilikuwa nazo.

Baadhi ya metali hizo huwekwa kwa makusudi, katika tawi la rasashastra linalotumia madini yaliyochomwa. Ukiona neno bhasma au rasa kwenye lebo, uliza kuna nini ndani. Mimi ningeziacha kabisa kwa tatizo la sauti, kwa kuwa hakuna faida inayojulikana ya kuhalalisha hatari hiyo. Poda iliyofungwa kwenye karatasi bila jina la mtengenezaji wala namba ya toleo, usiitumie.

19. Vacha huuzwa kama dawa ya usemi. Ni salama?

Vacha (Acorus calamus) ina sifa kubwa vitabuni kwa sauti na akili, na wengine huwalambisha watoto waliochelewa kusema. Baadhi ya aina zake zina beta-asaroni, ambayo iliwaletea panya saratani, na Marekani iliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 1968. Usimpe mtoto. Aliyechelewa kusema apimwe masikio kwanza.

20. Vipi kuhusu kusafisha pua kwa maji na matone ya mafuta?

Maji ya kusafishia pua yawe yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotakaswa kiwandani. Mwaka 2011 watu wawili walifariki Louisiana baada ya kutumia maji ya bomba kusafisha pua. Maji hayo yalikuwa na amiba anayekula ubongo. Ni nadra sana, lakini kuzuia ni kuchemsha tu.

Matone ya mafuta puani huitwa nasya. Kwa mtu mzima asiyepaliwa, tone moja au mawili mara chache si jambo la kutisha. Kila siku kwa miezi, hasa wakati wa kulala chali, ndipo mafuta huanza kushuka mapafuni. Vitabu vyenyewe vinakataza nasya kwa aliyetoka kula au kunywa.

## Hali za pekee

21. Baba ana Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwili kukakamaa), sauti imefifia na kumeza ni shida. Nimesikia kuhusu kapikachu.

Kapikachu ni upupu, ule ule unaowasha, na mbegu zake zina levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Kwa hiyo ina nguvu ya kweli, na ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu: kiasi hutofautiana poda hadi poda, na ikijumlishwa na vidonge vyake baba anaweza kupata mwili kujinyonganyonga, kuona vitu visivyokuwepo, au shinikizo kuporomoka. Asiianze bila daktari wake wa mishipa ya fahamu kujua.

Kwa sauti iliyofifia, mazoezi maalumu ya kupaza sauti yanayosimamiwa na mtaalamu yana ushahidi mzuri. Mlo upangwe saa ambayo vidonge vinafanya kazi vizuri.

22. Nina rovu linalobana koo. Kanchanara guggulu inafaa?

Pima kwanza homoni na upigwe picha ya shingo. Guggulu (utomvu wa mti) na ashwagandha (mzizi wa ayurveda) zote mbili zinaweza kugusa kazi ya tezi na kuvuruga vipimo au dozi ya levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi. Rovu lililofikia kubana kumeza au kubadilisha sauti ni la daktari wa upasuaji kuamua.

23. Natibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Naweza kutumia asali na manjano?

Asali imejaribiwa kwa vidonda vya kinywa vinavyoletwa na mionzi, na matokeo kadhaa yanatia moyo. Ila huozesha meno, ambayo mionzi imeshayadhoofisha, na inaweza kukupalia. Omba ruhusa ya timu yako. Vidonge vya manjano na vya mimea mingine viache hadi uulize. Jambo lisilopaswa kuachwa ni kuendelea kumeza kila siku, hata kidogo, na mazoezi uliyopewa, kwa sababu misuli isiyotumika wakati wa mionzi huganda.

24. Kimeo kimerefuka. Kikatwe?

Sushruta alieleza kukata kimeo kilichovimba, na kwenye maelezo hayo hayo akaonya kwamba ukikata kupita kiasi damu itamuua mgonjwa, na ukikata pungufu uvimbe utabaki. Kikohozi na kupaliwa mara chache sana hutokana na kimeo. Kilichovimba ghafla kinaweza kuwa mzio au maambukizi, nacho kinahitaji dawa. Asikikate mtu yeyote nje ya chumba cha upasuaji.

25. Nimeshaanza dawa za ayurveda na nina miadi ya kamera ya koo. Niziache?

Zipeleke zote, na makopo yake, au upige picha lebo. Usifiche ukiogopa kukemewa. Kama kinyama kitakatwa kupimwa, mwambie daktari siku kadhaa kabla, kwani manjano, tangawizi na vitunguu saumu kwa dozi kubwa vinaweza kuongeza kutoka damu, hasa ukiwa pia unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hizo za hospitali usiziache mwenyewe. Kwa siku ya miadi, andika kwenye karatasi tarehe sauti ilipoanza kubadilika, vyakula vinavyokwama, na uzito wako wa sasa na wa miezi mitatu iliyopita kama unaujua.